Je, wajua panya wa kinamasini huhesabiwaje, ilhali wengi wao hakuna anayewaona?

Nikiri kwanza. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kazi ya mwanabiolojia anayechunguza wanyama wadogo haina fumbo: anatega jioni, anarudi alfajiri, anahesabu walionaswa, anaandika. Akipata panya 40 kwenye kinamasi hiki na 12 kwenye kile, basi hiki kina panya wengi kuliko kile. Niliwahi hata kumfafanulia mtu hivyo, tena kwa sauti ya mjuzi. Siku nilipoeleweshwa vizuri ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimelikosea somo lenyewe, si kipengele chake kidogo. Idadi ya panya walio mitegoni haikuambii ni panya wangapi walio kinamasini. Ikiwa peke yake, haikuambii hata ni wapi walipo wengi.

Tumchukue panya mmoja wa kweli. Kandokando ya Ghuba ya San Francisco, jimboni California, Marekani, kuna vinamasi vya maji ya chumvi, na humo anaishi panya asiyepatikana kwingineko duniani. Jina lake la kisayansi ni Reithrodontomys raviventris. Aliyekomaa ana uzito wa gramu 8 hadi 14 hivi. Sarafu mbili za Kimarekani za senti tano zina gramu 10 kamili, kwa hiyo ukizishika kiganjani umeshika uzito wa panya mzima. Anakaa katikati ya mmea mfupi, mnene, wenye chumvi, uitwao salikonia. Anaogelea vizuri, anapanda mimea maji yakijaa, na wale wa upande wa kaskazini wanaweza kunywa maji yenye chumvi ya kiwango cha bahari. Sehemu kubwa ya makazi yake ilifukiwa, ikajengewa kuta za udongo, ikawa mashamba, mabwawa ya chumvi na miji. Tangu mwaka 1970 yumo kwenye orodha ya serikali kuu ya Marekani ya wanyama walio hatarini kutoweka, na hakuna anayeruhusiwa kumtega bila kibali. Utangulizi huo unatosha. Kinachonivutia ni mitego.

Mtego wenyewe ni kisanduku cha alumini kinachokunjwa, kirefu kama kiatu cha mtu mzima. Sakafuni kuna kibao chepesi. Panya akikikanyaga, mlango unafyatuka na kujifunga, naye anabaki ndani akiwa hai. Anawekewa chambo cha mbegu, oti au siagi ya karanga, na kibonge cha pamba cha kujifunikia, maana mwili wa gramu 10 hupoteza joto upesi mno. Halafu kuna jambo ambalo mtegaji wa nchi kavu halimsumbui hata kidogo: bahari. Usiku wa kutega huchaguliwa kwa kusoma jedwali la kupwa na kujaa. Bamvua ikikikuta kisanduku mahali pa chini, kilichowekwa kumhifadhi panya kinakuwa cha kumzamisha.

Alfajiri mtafiti anapita mstari kwa mstari akitafuta milango iliyofungwa. Akiupata mmoja, anavalisha mfuko wa plastiki mdomoni mwa kisanduku, anainamisha, na panya anateleza pamoja na pamba yake. Mfuko unaning'inizwa kwenye mizani ndogo ya springi. Kisha vinafuata vipimo ambavyo mtu wa nje angeviona ni vya kichekesho: urefu wa mkia, unene wa mkia karibu na shina, rangi ya juu ya mkia ikilinganishwa na ya chini. Si mzaha. Jirani yake wa karibu, Reithrodontomys megalotis, anafanana naye mno, na huyo wa pili hayumo hatarini. Jina raviventris linasema habari za tumbo lenye rangi ya hudhurungi, ila wale wa kaskazini mara nyingi wana tumbo jeupe, kwa hiyo jina la mnyama linampotosha anayelitegemea. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba hata watu wazoefu huwachanganya panya hawa wawili. Mwisho, panya anavishwa hereni ndogo ya chuma yenye namba, au ananyolewa kishungi cha manyoya, na anaachiwa pale pale aliponaswa. Hereni hiyo ndiyo iliyonifunulia kosa langu.

Maana idadi ya walionaswa ni zao la vitu viwili vilivyozidishwa: panya waliopo, na uwezekano wa kila panya kuingia mtegoni usiku huo. Mimi nilikuwa nimekiona cha kwanza tu. Rudi kwa wale 40 na 12. Tuseme kinamasi cha kwanza kina panya 50 wenye njaa, na wanane kati ya kila kumi wanaingia. Utawapata 40. Cha pili kina panya 120, lakini mbegu zimejaa kila mahali, chambo hakiwashtui, na ni mmoja tu kati ya kumi anayeingia. Utawapata 12. Penye wengi pameonekana pana wachache, na mtu mwenye daftari safi na nia njema ameandika kinyume cha ukweli.

Na huo uwezekano wa kuingia hautulii. Mvua inaubadilisha, njaa inaubadilisha, na kwa panya wengi wa usiku mbalamwezi nayo inaubadilisha, kwa sababu kutembea peupe ni kujiuza kwa bundi. (Sisemi kwamba kila aina ya panya huogopa mwezi, mahali penye mimea mizito athari yaweza kuwa ndogo.) Kuna pia foleni. Kisanduku kimoja hubeba mnyama mmoja. Kinamasini humo wanaishi panya wanene wenye mikia mifupi waitwao voli, na kuna miaka wanafurika. Voli akiwahi kuingia saa mbili usiku, mlango umefungwa, na panya wetu akipita saa tano hakuna wa kumwandika. Kwenye daftari itaonekana amepungua, kumbe amekosa nafasi tu.

Nilijaribu kujitetea: si watafiti hulinganisha kwa kuhesabu jitihada? Ni kweli. Mitego 100 kwa usiku nne huitwa mitego-usiku 400, na matokeo huandikwa kama idadi ya panya kwa kila mitego-usiku 100. Hilo linasawazisha jasho la mtegaji. Haligusi tabia ya panya. Ukitega kwa bidii ile ile usiku wa njaa na usiku wa shibe, bado unalinganisha njaa na shibe.

Sasa hereni. Chukua gunia la maharage, na hutaki kuyahesabu yote. Unachota 100, unayatia kila moja nukta ya wino, unayarudisha, unalitikisa gunia vizuri. Unachota tena 100. Humo unakuta 10 yenye nukta. Basi yenye nukta ni sehemu moja ya kumi ya mchoto huu, na kama gunia lilichanganyika sawasawa, ni sehemu moja ya kumi ya gunia zima. Wewe mwenyewe ulitia nukta 100. Gunia lina maharage 1,000 hivi. Hukuona mengine yote, na hukuhitaji kuyaona.

Kwa panya, kuchota ni kutega, nukta ni hereni, na kutikisa ni kuwapa muda watawanyike. Tazama inavyofanya kazi. Kinamasi A: mzunguko wa kwanza umevisha hereni panya 30, wa pili umenasa 30, na 15 kati yao wana hereni. Nusu. Kwa hiyo wote ni kama 60. Kinamasi B: 30 mara ya kwanza, 30 mara ya pili, lakini wenye hereni ni 5 tu, yaani mmoja kati ya sita. Wote ni kama 180. Kwa kuhesabu nilivyozoea, A na B vingekuwa pacha. Tofauti ya mara tatu imefichwa kwenye sura zinazojirudia. Habari kubwa ya asubuhi, basi, si panya mgeni, ni yule unayemjua.

Ujanja huu, ajabu yake, haukuanza na panya. Mwaka 1802 mwanahisabati Pierre-Simon Laplace alitumia wazo lilelile kukadiria watu wa Ufaransa, zaidi ya milioni 28, bila kuwahesabu wote: vizazi vilivyosajiliwa ndivyo vilivyokuwa nukta zake za wino. Mwishoni mwa karne ya 19 Mdenmark Petersen akaupeleka kwa samaki, na mwaka 1930 Mmarekani Frederick Lincoln akautumia kwa bata, kwa msaada wa wawindaji waliorudisha pete za miguuni. Hadi leo kanuni hiyo inabeba majina ya hao wawili. Laplace hakupewa chochote.

Ila maharage hayana akili, panya anazo. Kuna panya anayegundua kwamba kisanduku kina chakula, joto na usalama, na kwamba kulipa ni kuvumilia kupimwa mkia asubuhi. Huyo anarudi kila usiku. Wenye hereni wanaonekana wengi kupita kiasi, na makadirio yanashuka chini ya ukweli. Kuna mwingine ambaye mara moja ilimtosha. Anakwepa, wenye hereni wanaonekana haba, na makadirio yanapaa. Hereni ikidondoka, panya wa zamani anaandikwa mgeni. Makadirio yanapaa tena. Na kama kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili waliovishwa hereni wamehama, umechota kutoka gunia lililotobolewa. Ndiyo maana mizunguko hufanywa karibukaribu, usiku kwa usiku, na hesabu za siku hizi hutumia zaidi ya mizunguko miwili ili tabia ya panya yenyewe ikadiriwe, badala ya kudhaniwa.

Idadi ndogo ndizo zenye kutesa, na mnyama adimu humpa mtafiti idadi ndogo tu. Tuseme tena 30 na 30, na wenye hereni ni 3. Jibu ni 300 (30 mara 30, gawa kwa 3). Wakiwa 2, jibu ni 450. Panya mmoja aliyeamua kulala nje ya kisanduku ameongeza panya 150 kwenye karatasi! Na asipopatikana hata mmoja mwenye hereni, kanuni inakutaka ugawe kwa sifuri, jambo ambalo hisabati haikubali. Yupo aliyeweka kiraka, mtakwimu Chapman, mwaka 1951: unaongeza moja kwenye kila idadi, unakokotoa, kisha unatoa moja mwishoni. Kwa 30, 30 na sifuri kinakupa 960. Sina ugomvi na kiraka, lakini namba kama hiyo lazima iandamane na kiwango cha shaka, na kwa idadi ndogo namna hii shaka huwa pana kuliko jibu lenyewe.

Sifuri ina sura nyingine, nayo ina uzito wa kisheria, maana mahali alipo mnyama huyu hapajengwi kiholela. Mitego imekaa usiku nne, hakuna aliyenaswa. Je, hayupo? Chukua panya mmoja tu anayeishi hapo, na uwezekano wake wa kunaswa kila usiku uwe 20 kwa 100. Uwezekano wa kukwepa usiku nne mfululizo ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8: karibu 41 kwa 100. Nilizidisha mara mbili nikidhani nimekosea. Hata baada ya usiku kumi, bado kuna kama 11 kwa 100 kwamba yumo na hajawahi kuuona mlango. Bila shaka wakiwa wengi ni vigumu wote kukwepa, na uwezekano halisi hutofautiana mahali na mahali, lakini "hatukumpata" na "hayupo" ni sentensi mbili, na kati yao kuna usiku mwingi wa kutega.

Upande wa pili wa Marekani, kwenye vinamasi vya chumvi vya pwani ya Florida inayotazama Ghuba ya Mexico, kuna voli wa aina yake aliyegunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1991, na kwa muda wote huo alijulikana kutoka sehemu moja tu, ambako mitego ilikuwa imemnasa. Mwaka 2004 mlango wa kisanduku ulijifunga kwenye kinamasi kingine, ndani ya hifadhi ya Lower Suwannee, naye alikuwamo.