Zana ya wapokeaji wa barua pepe kwa mawakala wa akili mnemba: dhana potofu na ukweli wake

Wakala wa akili mnemba ni modeli ya lugha inayotekeleza kazi kwa kuita zana, na hapa tunaeleza namna ya kuandika zana ya kusimamia orodha ya wapokeaji wa barua pepe. Tunatumia mfano wa Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe kwa orodha za watu, kwa kuwa API yake (njia ya programu nyingine kuwasiliana nayo) inatumika sana na mitego yake inafahamika. Huduma nyingine zina majina tofauti, ila makosa ya kuandika maelezo ya zana ni yaleyale.

Dhana: Nakili nyaraka za API kama zilivyo, wakala ataelewa.

Mhandisi husoma kurasa kadhaa, hujaribu, humuuliza mwenzake. Wakala huchagua zana kwa kutazama vitu vitatu tu: jina lake, aya ya maelezo na skima ya JSON ya vigezo, yaani muundo unaoonyesha taarifa ambazo zana inapokea. Jina `simamia_mteja` halimwambii kitu, `sajili_au_sasisha_mpokeaji` linamwambia. Aya nayo iseme zana itumike lini, isitumike lini, na badala yake iitwe ipi. Kigezo chenye thamani chache zinazojulikana kiwekewe orodha funge ndani ya skima, kisiachwe kuwa maandishi huru.

Dhana: Wakala atakokotoa kitambulisho cha mpokeaji mwenyewe.

Mailchimp humtambua mpokeaji kwa hashi ya MD5 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kwa kanuni maalumu) ya anwani yake iliyoandikwa kwa herufi ndogo zote. Modeli ya lugha ikiachiwa kazi hiyo bila programu ya kukokotoa, hubuni herufi 32 zinazofanana na hashi. Seva hurudisha 404, yaani "hakipatikani", na wakala anamjibu mtumiaji kwamba mteja hayupo, ilhali yupo. Zana ipokee anwani ya kawaida. Kugeuza herufi na kukokotoa hashi kufanyike ndani ya msimbo.

Dhana: Kumtoa mtu kwenye orodha ni kitendo kimoja.

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea. Mfanyakazi ataandika "mtoe", "mfute" au "mwondoe" bila kutofautisha, lakini nyuma ya maneno hayo kuna vitendo vitatu. Kubadili hali kuwa `unsubscribed` humwacha kwenye kumbukumbu kama mtu aliyejiondoa. Ombi la `DELETE` humweka kwenye hifadhi, na anaweza kurudishwa. Kitendo cha `delete-permanent` hufuta taarifa zake binafsi, na baada yake huwezi kumwingiza tena kwa kupakia orodha. Andika zana tofauti kwa kila kimoja, na katika maelezo ya ile ya kwanza useme wazi: ombi lisiloeleweka litafsiriwe kuwa ni la kubadili hali tu. Cha tatu tungekiacha nje ya mikono ya wakala kabisa.

Kurudisha mtu kuna hatari yake pia. Katika ombi la `PUT`, ambalo husajili mpokeaji au kumsasisha, `status_if_new` humhusu mpokeaji mpya pekee, lakini `status` humgusa hata aliyekuwepo. Wakala aliyeambiwa asahihishe jina tu, akituma `status` yenye `subscribed`, anaweza kumrejesha mtu aliyekwisha kutolewa. Zana ya kusasisha isiwe na kigezo cha `status` hata kidogo. Ridhaa ni ya mpokeaji, na Kenya imeilinda katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anayetaka kurudi apewe hali ya `pending`, ambayo humtumia barua ya kuthibitisha.

Dhana: Ukiandika "usifute kamwe", umeshalinda orodha.

Maelezo ni maelekezo, si kufuli. Hata alama za MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana, kama `readOnlyHint` na `destructiveHint`, ni vidokezo tu. Ufunguo wa API wa Mailchimp hufungua akaunti nzima, kwa hiyo kizuizi kiwe kwenye msimbo unaosimama kati ya wakala na seva. Jambo jingine husahaulika: uga wa jina hujazwa na mtu yeyote aliyeikuta fomu yako, na anaweza kuandika humo amri kwa wakala. Yanayotoka kwenye nyuga yachukuliwe kuwa data tu.

Dhana: Namba ya kosa inatosha.

429 maana yake maombi yamezidi. Mailchimp huruhusu miunganisho 10 kwa wakati mmoja, basi asubiri ndipo ajaribu tena. Lakini 400 (ombi limekataliwa) yenye ujumbe wa `Member In Compliance State` haitabadilika hata akirudia mara mia, maana inaweza kuwa mtu huyo alijiondoa mwenyewe. Rudisha sentensi inayosema: "Usijaribu tena, mjulishe mtumiaji."

Dhana: Wakala akiona orodha, ataihesabu.

Ombi la orodha hurudisha wapokeaji 10 usipotaja idadi, na hawazidi 1000 kwa mara moja. Akiulizwa waliojiondoa ni wangapi, wakala huhesabu wale 10 na kujibu kwa uhakika. Jibu sahihi liko kwenye `total_items`, baada ya kuchuja kwa hali. Kwa swali kama hilo omba `total_items` peke yake kupitia kigezo cha `fields`: anwani za watu hazitakuwa na sababu ya kupita kwenye modeli.