Mwanafunzi wa kigeni nyumbani kwako na maji ya ziwa

"Daktari, mtoto wa watu ametoka vipele miguu yote, anajikuna tangu asubuhi. Nimpeleke wapi?"

Simu hiyo ilinikuta Jumapili jioni. Aliyepiga ni mama mmoja wa Ilemela, hapa Mwanza, nyumba yake haiko mbali na Ziwa Victoria, na huyo mtoto wa watu ni mwanafunzi kutoka Ujerumani, wiki ya pili yuko kwake. Mimi si daktari wa kutibu. Kazi yangu ni elimu ya afya ya jamii, lakini mtaani ukionekana mara mbili umeshika vipeperushi vya afya, basi umeshakuwa daktari. Nikamuuliza jana walishinda wapi. Akasema wanawe walikwenda ziwani kufua, mgeni akaomba kufuatana nao. "Alifurahi huyo! Aliingia na beseni lake mpaka magotini. Mimi nadhani ni sabuni, maana wangu hawana hata kipele."

Familia nyingi za Mwanza hukwama palepale alipokwama mama huyu. Kila mwaka jiji linapokea wanafunzi kutoka nje: wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo hospitali ya Bugando, wanaojifunza Kiswahili, wanaofanya utafiti wa samaki na maji. Wengi hukaa majumbani mwetu, si hotelini, na ndiyo maana ya safari yenyewe. Wafue nasi, wapike nasi, wabebe ndoo nasi. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa, mpe jembe. Dumu la kwenda nalo ziwani saa sita mchana ndilo ninaloomba usimpe, kwa sababu ya kichocho.

Mtu mwenye minyoo ya kichocho akijisaidia karibu na maji, mayai yakaingia ziwani, yanaanguliwa. Vimelea vinavyotoka humo vinamwingia konokono mdogo wa majini, vinazaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda. Vinapenya ngozi nzima kwa muda wa dakika chache tu. Mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana navyo anaweza kuwashwa na kutoka vipele saa chache baadaye au kesho yake. Aliyekulia ziwani mara nyingi hasikii kitu, na mnyoo unaingia vilevile. Kwa hiyo wale watoto wasio na kipele walikuwa majini na mgeni, saa ileile, na walistahili wasiwasi uleule.

Wenyeji wengi hawazingatii saa. Vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane au tisa mchana. Ndiyo saa ya kufua, na ndiyo saa watoto waliotoka shule wanarukia maji kutoka kwenye mawe. Alfajiri hatari inapungua, lakini haiishi. Wala usimtafutie mgeni sehemu "safi": maji meupe juu ya mchanga, bila magugu wala tope, yanaweza kuwa na vimelea sawa na yale ya kwenye matete. Na kujifuta kwa taulo haraka haraka ni ushauri wa zamani usiotosha kumkinga mtu.

Neno lenyewe pia lina kazi yake. Mgeni ukimwambia "kichocho" anatikisa kichwa kwa heshima, hajaelewa. Mwambie bilharzia utaona macho yanavyomtoka. Jina hilo amelisoma kwao kabla ya kupanda ndege. Wapo pia wanaodhani ugonjwa huu ni wa kukojoa damu tu. Huo ni wa mkojo, unapatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga huko ndani Usukumani. Wa ziwani ni wa tumbo, na unaweza kukaa mwilini miaka ukiharibu ini bila kelele.

Samaki hawana kosa. Mgeni ale sato wake, ale dagaa, ilmradi vimeiva. Kichocho hakiambukizwi kwa kula samaki, kwa kuchangia sahani wala kwa kulala chumba kimoja na mgonjwa. Maji ya bomba ya mamlaka yametibiwa, yanafaa kuogea na kufulia. Ya kunywa yachemsheni tu. Kama nyumba inategemea maji ya kuchota ziwani, yaacheni kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili ndipo muogee, maana vimelea hivyo visipopata ngozi vinakufa. Mwenye haraka achemshe.

Wiki iliyofuata nilipita kwa yule mama. Sebuleni nikakuta katoni ya maji ya chupa kwa ajili ya mgeni na amri mpya kwamba asikanyage ziwani. Uani, watoto watatu walikuwa wanafunga madumu kwenye baiskeli, saa saba mchana. Mwanafunzi akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Kama ni hatari, mbona wao wanakwenda?" Mama akacheka, mimi nikainama. Baadaye mama alinipa jibu lake waziwazi: bili ya maji. Nikamwomba tupige hesabu ile posho anayolipwa kwa chakula na malazi ya mgeni. Haikuwa kubwa, ila ilitosha kufua nyumbani kwa nyumba nzima na chenji ikabaki. Mimi nadhani familia isiyo tayari kubadilisha utaratibu wa nyumba nzima isimpokee mgeni. Najua wenzangu wengine wataniona mkali.

Kwenye malaria tuko vizuri zaidi, chandarua kila mtu anakijua. Shida ipo kwenye vidonge vya kinga. Wageni wengi wanavyo, na mwenyeji hupenda kuwachokoza: "Sisi mbona hatunywi?" Usimkatishe tamaa. Wewe umejengewa kinga kiasi na miaka ya kuumwa na mbu, yeye hana. Akiwa anatumia doksisaiklini, humezwa kila siku, vizuri ikiwa pamoja na chakula, na huifanya ngozi iungue jua upesi, kwa hiyo usimshangae akivaa kofia na mikono mirefu Januari. Ataendelea kuinywa wiki nne baada ya kuondoka. Lakini vidonge havizuii kila kitu. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo. Msikimbilie dawa mseto ya malaria ya duka la jirani kabla ya kipimo.

Mengine ni madogo. Mtambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, na mkumbushe aangalie kibali chake cha kuishi nchini kinaisha lini, kwa sababu viza ya utalii si ya kusomea. Mfundishe kumsalimia bibi wa jirani "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma; atapata michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, bure mpaka aondoke. Na ukimwambia "karibu chakula" naye akajibu "asante", muulize tena. Kwetu asante ya hivyo huwa imekataa. Yule binti wa Ujerumani alilala njaa siku mbili kwa sababu alikuwa anakubali.

Jambo ambalo karibu kila familia hulisahau linakuja siku ya kufunga mizigo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa, michanga huiponyoka. Ndiyo maana vipimo na dawa vinafaa kuanzia wiki sita hadi nane baada ya mara ya mwisho kugusa maji, na wakati huo mwanafunzi huwa ameshafika kwao. Anaweza kupata homa, kikohozi na uchovu akiwa kwao, mbele ya daktari ambaye kichocho amekiona kitabuni tu, naye akaambiwa ana mafua. Huku kwetu watoto hupewa dawa hiyo shuleni kwenye kingatiba, ambayo ni msaada mkubwa, ila haimzuii mtoto kuambukizwa upya Jumamosi inayofuata.

Kwa hiyo mgeni aondoke na karatasi: aliingia ziwani tarehe gani, upande gani, mara ngapi, na neno bilharzia limeandikwa kwa herufi kubwa. Yule mama wa Ilemela aliandika ya kwake mezani, begi likiwa wazi na michembe imefungwa kwenye gazeti katikati ya nguo. Aliandika tarehe ya ile Jumamosi ya kufua, akahesabu kwenye kalenda ya ukutani wiki nane mbele, akaizungushia duara. Chini yake akaongeza majina ya wanawe watatu na tarehe ileile. Kisha akaichana karatasi katikati, nusu ya juu akampa binti, ya chini akaichomeka kwenye kadi zao za kliniki.