Kushindana kwa Baiskeli Barabarani Dodoma: Dhana Potofu na Ukweli

"Bila baiskeli ya kaboni usijisumbue." Si kweli. Hata mabingwa wa dunia hawaruhusiwi na UCI, chama cha baiskeli duniani, kutumia baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, na kwenye tambarare ya kuelekea Bahi kinachokurudisha nyuma ni hewa unayoikata, si kilo mbili za fremu. Tafuta ya alumini ya mtumba inayolingana na urefu wako, pesa inayobaki iende kwenye tairi na cheni. Pima cheni pini hadi pini, vipande 24: mpya ina milimita 305. Ikifika 307 imechoka, itakula meno ya gia.

"Mwenye nguvu atangulie." Hapa ndipo wageni wengi wanapopotezea mbio. Mkiwa kilomita 35 kwa saa, aliyejificha nyuma ya mwenzake anaokoa robo ya nguvu zake, pengine zaidi. Anza kwa kuacha mita moja, ukizoea ndipo upunguze. Tazama mabega ya aliye mbele, si tairi lake. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma: akiyumba kidogo mkagusana, yeye kwa kawaida hubaki wima, wewe unakwenda chini. Zamu yako ya kuongoza ikifika shika kasi ileile, kaa nusu dakika, jitoe. Mgeni akishika uongozi huchomoka, kundi linakatika, na muda si mrefu yeye ndiye anayeachwa.

Upepo wetu mara nyingi hutoka mashariki. Ukielekea Kondoa unakupiga kulia, kwa hiyo kinga iko nyuma kushoto kwa aliye mbele yako. Waendeshaji hujipanga mshazari hadi ukingo wa lami, nafasi zikiisha aliyechelewa anabaki kupigwa upepo peke yake. Wahi nafasi mapema. Hayo ni ya barabara iliyofungwa tu. Mazoezini, na malori yale, nendeni mstari mmoja.

"Jaza upepo hadi tairi liwe jiwe." Tairi gumu kupita kiasi hurukaruka kwenye lami mbaya na kupunguza mshiko. Mtu wa kilo 65 mwenye tairi la milimita 28 anatosheka na PSI 70 hadi 75. Pancha za huku ni za mbigiri: usiegeshe kwenye majani ya kando ya barabara, ibebe begani. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kikinasa, mwiba bado upo. Ng'oa, la sivyo utatoboa na hiyo mpya.

"Kula ni baada ya mbio." Zaidi ya dakika 90 unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia nusu saa ya kwanza. Zabibu kavu gramu 50 zina kama 40. Jasho hukauka upesi kwenye hewa hii, usilisubiri likukumbushe maji. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja bila kunywa: kilo iliyopungua ni takriban lita moja.