Michango ya harusi: pengo la bajeti liko wapi, na kamati ilizibe vipi

Watanzania wa mjini wakianza kuzilalamikia desturi zao wenyewe, michango ya harusi haikosi kutajwa. Kadi zimezidi. Viwango vimepanda. Unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu mliyeonana mara moja tu, na ukifika ukumbini saa 12 jioni kama kadi ilivyoagiza, maharusi wanaingia saa 3 usiku. Kazi yangu ni kuratibu sherehe na kuandaa bajeti za kamati hapa Dar es Salaam. Kwa ninavyoiona, sehemu kubwa ya kero hii inatokana na pengo la bajeti ambalo mchangiaji hakulipanga lakini ndiye anayetakiwa kuliziba. Pengo hilo huonekana kwenye karatasi tangu kikao cha kwanza, mtu akitaka kulitazama.

Kwanza namna kamati inavyoundwa, maana kosa huanzia hapo. Bwana harusi anaita ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake. Wanachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha kamati ndogo za chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo, usafiri na burudani. Wajumbe wanaandikisha ahadi zao papo hapo. Halafu mtu anatoa bajeti ya harusi nyingine, majina yanabadilishwa, bei zinaongezwa kidogo, na jumla ya chini ya ukurasa inageuka lengo la kamati. Hakuna aliyeuliza maharusi wanawajua watu wangapi. Ili lengo litimie, kila mjumbe anakabidhiwa kadi kumi au ishirini azisambaze kwa watu wake yeye. Ndiyo maana unapokea kadi ya harusi ya binamu wa mfanyakazi mwenzake shemeji yako.

Sasa tuichukue bajeti ya mfano. Bei hutofautiana kati ya mji na mji, hivyo weka za kwenu, lakini mpangilio ubaki huu. Gawa gharama mafungu mawili. Fungu la kwanza huongezeka kwa kila mgeni: chakula, tuseme shilingi 25,000 kwa sahani, na vinywaji 15,000. Kila kichwa kinakula 40,000. Fungu la pili hulipwa hata wageni wasipofika: ukumbi milioni 3, mapambo milioni 3.5, picha na video milioni 2, MC milioni 1, muziki 800,000, keki 700,000, gari la maharusi na matarumbeta milioni 1. Jumla milioni 12. Kwa wageni 300, fungu la kwanza nalo ni milioni 12. Harusi nzima ni milioni 24, sawa na 80,000 kwa kila mgeni.

Kamati inapanga kadi ya mtu mmoja 70,000 na dabo 100,000. Tazama dabo inavyofanya kazi. Watu wawili wanakula na kunywa 80,000, inabaki 20,000 ya kusaidia ukumbi, mapambo na mengine. Kadi 150 za dabo zinaleta milioni 15 kwa harusi ya milioni 24. Pengo ni milioni 9. Hapo ndipo mjumbe anaposimama na kusema, "Tuongeze kadi." Piga hesabu: ili 20,000 za dabo zifikishe milioni 12, zinahitajika dabo 600, yaani watu 1,200, na ukumbi ule ulikuwa wa watu 300. Kadi za nyongeza zinaleta watu wengi zaidi kuliko fedha. Kisha kamati inapandisha kiwango katikati ya safari, na aliyelipa mapema anaanza kuitwa "aongezee".

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha nani hasa anaibeba harusi. Mtu anayetuma 100,000 kutoka Mwanza au Muscat na asihudhurie, fedha yake yote inakwenda kwenye fungu la pili, kwa hiyo ana uzito wa dabo tano zilizokuja kula. Baada yake wanafuata wazazi, ndugu wa karibu, na mwishoni kabisa bwana harusi mwenyewe, ambaye mara nyingi anaanza ndoa akikatwa mkopo kwenye mshahara. Hilo la mkopo linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu deni linalipwa na watu wawili ambao hata nyumba hawajaipanga sawasawa.

Njia inayofanya kazi ni kupunguza wageni, na hapa kamati hupotoshwa na wastani. Kwa wageni 150, chakula na vinywaji vinashuka hadi milioni 6. Ukumbi mdogo milioni 1.5, mapambo milioni 1.8, keki 400,000, gari na matarumbeta 500,000. MC, muziki na picha havibadiliki. Fungu la pili linakuwa milioni 8, na harusi nzima milioni 14. Ukigawa, kila mgeni sasa anagharimu zaidi ya 93,000, na mjumbe mmoja atalalamika kwamba gharama imepanda. Angalia pengo badala ya wastani: dabo 75 zinaleta milioni 7.5, pengo limeshuka kutoka milioni 9 hadi 6.5, na watu 150 wameepushwa na kadi. Mapambo ndiyo pa kukata zaidi, kwa sababu mpambaji hutoza kwa idadi ya meza, meza kuu na lango la kuingilia. Meza moja ya watu kumi ikiondoka, vitambaa, maua na taa zake zinaondoka nayo.

Kuna vitu vinavyosahaulika karibu kila bajeti. Bei ya ukumbi ikitajwa kwa simu, uliza kama kodi ya VAT imo. Asilimia 18 juu ya milioni 3 ni 540,000, fedha inayotosha kulipia chakula na vinywaji vya watu 13. Uliza tozo ya kuingiza vinywaji vyenu, saa ya kuzima muziki na bei ya kila saa inayozidi. Ongeza sahani 15 hadi 25 za watoa huduma: wapiga picha, wapiga matarumbeta, madereva, walinzi, MC na vijana wake. Zisipohesabiwa, zitatoka kwenye sahani za wageni, na meza za nyuma ndizo zitakazokosa.

Ahadi ni jambo la kushikilia sana. Ahadi si fedha, na kamati inayosaini mikataba kwa kutegemea ahadi inajifunga kwa deni la watu wengine. Mweka hazina awe na safu tatu kwenye daftari: ahadi, fedha iliyofika, mikataba iliyosainiwa. Safu ya tatu isiizidi ya pili, isipokuwa kwa kiasi ambacho familia imekubali kwa maandishi kukilipa. Katika makadirio, mimi huhesabu ahadi za wajumbe kamili na za watu wengine nusu. Funga kadi siku tano kabla ya harusi, kwa sababu mpishi anataka idadi ya mwisho mapema. Anayelipa siku yenyewe mlangoni anapewa kadi ilhali sahani yake haikuagizwa. Mkipokea ishirini wa namna hiyo, chakula kinaisha na lawama zinamwendea mpishi asiye na kosa. Fedha inayochelewa ipokewe kama zawadi, bila kiti, na mtu aelezwe hivyo kabla ya kutuma.

Kundi la WhatsApp limeongeza uchungu mahali ambapo hapakuwa na haja. Orodha ya majina, ahadi na "0" mbele ya asiyelipa, inayobandikwa kila asubuhi, ni kumvua mtu nguo mbele ya wakwe zake. Bandikeni jumla tu: kilichokusanywa, kilicholipwa, kilichobaki. Kumbusha mtu mmoja mmoja kwa ujumbe binafsi mara mbili, siku 21 kabla na siku 7 kabla, kisha acha. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo mzee. Naandika kwa niaba ya kamati ya fulani. Kadi zinafungwa tarehe fulani. Kama mambo hayajakaa sawa, usijali, tunaomba dua zako." Na wewe unayeombwa, ukiona huwezi, sema siku ile ile: "Hongereni sana. Safari hii sitaweza kuchangia, nawatakia heri." Hii inaisaidia kamati kuliko ahadi ya 200,000 uliyoitoa kwa kuona haya, kwa sababu ahadi hiyo tayari imeshahesabiwa kuwa meza.

Halafu wapo wazee. Katika yote yanayochukiwa kwenye harusi zetu, hili ndilo lenye haki kabisa ya kuchukiwa: shangazi aliyemlea bwana harusi anasafiri kutoka kijijini kwa basi, anafika langoni, kijana wa mlangoni anamwomba kadi. Hana, kwa sababu kadi ilifuata mchango. Tengeni viti 30 vya ukoo kabla hata kadi hazijachapishwa. Kwa mfano wetu vinagharimu 1,200,000. Viingizwe kwenye fungu la pili kama ukumbi unavyoingizwa, na mtu mmoja wa familia asimame langoni akiwafahamu kwa sura. Kamati ikisema haina fedha hiyo, ipunguze mapambo.

Harusi moja pia ina sherehe kadhaa, na watu wale wale huchangia zote: kicheni pati kwa wanawake, sendofu ya upande wa bibi harusi, harusi yenyewe ya upande wa bwana harusi, na mwisho nyama choma ya kuvunja kamati. Pande mbili zikikaa pamoja mapema na kulinganisha orodha, majina yanayojirudia hujitokeza. Kila jina lipewe kadi ya sherehe moja. Kwenye harusi nyingi za Waislamu wa Pwani, nikaha hufuatwa na pilau au biriani ya mchana ambayo mtaa mzima hualikwa bila kadi. Chakula ni kikubwa, lakini ukumbi wa kukodi, bia na mapambo ya mamilioni havimo, na ndiyo maana watu wengi hula kwa fedha ndogo. Kuna la kujifunza hapo kwa wanaodhani heshima ya harusi iko kwenye lango la maua.

Kuhusu kuchelewa, sababu zinajulikana. Ibada inaisha alasiri, maharusi wanakwenda kupiga picha ufukweni na kungoja mwanga mzuri, na jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Bibi harusi anarudi saluni kubadilisha nguo. Foleni inamalizia. Kadi iliyoandika saa 12 haikuwa na uwezekano wa kutimia tangu ilipochapishwa. Andikeni ukweli: "Maharusi wataingia saa 1:30 usiku. Chakula saa 2:30." Utambulisho wa familia, watu 40 kila upande kwa sekunde 15 kila mmoja, ni dakika 20 kabla hata hawajacheza; watambulishwe wazazi na wawakilishi, wengine wasimame kwa pamoja. Ndafu (mbuzi mzima wa kuchomwa), keki na shampeni vinaweza kutangulia chakula. Zawadi, pamoja na foleni yake ya kucheza, zije baada ya watu kula.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mtu mmoja akitumia sekunde 20 kwenye meza ya kupakulia, wageni 300 kwenye mstari mmoja watachukua dakika 100. Wekeni mistari minne, zitakuwa dakika 25. Nyama igawiwe na mhudumu. Wali na mboga mtu ajipakulie. Nyama ikiachwa huru, walio mbele ya mstari huimaliza.

Wanaotaka kukwepa yote haya wana njia halali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai taarifa ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili. Haidai ukumbi wala kamati, na mahari isipokamilika haiibatilishi ndoa. Ndoa ya bomani na chakula cha mchana cha watu 40 nyumbani ni ndoa kamili. Waambieni wazazi mapema, kupitia mshenga au baba mkubwa, kabla hawajaanza kuwaalika watu kwa mdomo, maana mwaliko wa mdomo wa mzazi haurudishwi.

Kwa kamati inayoendelea, fedha ipitie laini iliyosajiliwa kwa kazi hiyo au akaunti ya kikundi inayohitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, isichanganywe kamwe na simu ya mweka hazina ya kila siku. Makato ya kutoa fedha yaandikwe kama matumizi. Kila malipo yawe na risiti. Ndani ya wiki moja baada ya harusi mweka hazina asome mapato na matumizi, baki likabidhiwe maharusi, na nyama choma ya kuvunja kamati ilipwe na wajumbe wenyewe kutoka mifukoni mwao. Ahadi ambazo hazikulipwa zifutwe kikao hicho hicho, na asipigiwe mtu simu tena.