Pancho Villa hakugawa mashamba

Nafundisha historia ya Amerika ya Kilatini, na kila tukifika kwenye Mapinduzi ya Meksiko hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: mwalimu, Pancho Villa si ndiye aliyewanyang'anya matajiri ardhi akawagawia maskini? Naeleza, wanaitikia, halafu kwenye mtihani naikuta imeandikwa vilevile, tena kwa uhakika wote. Nimechoka kuikata kwa kalamu nyekundu. Naiandika hapa kwa kirefu, mengine nitayapitia haraka.

Kuna ukweli ndani yake, na ndio unaowapoteza watu. Desemba 1913 Villa, jenerali wa mapinduzi huko kaskazini, alikuwa gavana wa jimbo la Chihuahua, cheo alichokaa nacho mwezi mmoja tu. Katika mwezi huo alitoa amri ya kutaifisha mali za makabaila, wa kwanza kabisa wakiwa Luis Terrazas na ukoo wake, waliomiliki mamilioni ya ekari na kulishika jimbo zima kisiasa. Mzee Terrazas alikimbilia Marekani, lakini mwanawe alikamatwa, akateswa mpaka akataja dhahabu ya benki ya ukoo ilipofichwa: ndani ya nguzo ya jengo la Banco Minero. Nguzo ikavunjwa, dhahabu ikamwagika. Mjini Chihuahua bei ya nyama ilishushwa na shule zikafunguliwa. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, akayasimulia kwa wajukuu, haishangazi simulizi ikiishia kwenye kugawa mashamba.

Lakini someni amri yenyewe. Haikugawa hata ekari moja siku ile. Ilisema ardhi itagawiwa baada ya ushindi: sehemu igharimie pensheni za wajane na mayatima wa mapinduzi, sehemu wapewe wapiganaji, sehemu irudishwe kwa wale ambao makabaila waliwadhulumu. Kwa wakati huo mashamba yalibaki chini ya serikali ya jimbo, mengine yakisimamiwa na majenerali wa Villa wenyewe. Ng'ombe wa Terrazas walivushwa mpaka wakauzwa Marekani, fedha yao ikanunua bunduki na risasi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Jeshi la Villa, Divisheni ya Kaskazini, lilikuwa jeshi la safari. Lilipanda treni likashuka kusini mamia ya kilomita, likiwa na treni yake ya hospitali yenye madaktari. Sasa mchukue askari aliye mji wa Torreón, mbali na kwao, apate habari kwamba kijijini kwao wanapima mashamba. Ama atatoroka awahi kipande chake, ama atabaki akinung'unika kuwa waliokaa nyumbani ndio wanaonufaika. Villa angegawa ardhi Desemba 1913, kufikia masika asingekuwa na jeshi la kupeleka vitani kule Zacatecas, kusini zaidi.

Aliyegawa ni Emiliano Zapata, kiongozi mwingine wa mapinduzi, kule kusini, jimbo la Morelos. Watu wake walipigania vijiji vyao wenyewe, mtu akiwa vitani bado yuko karibu na shamba lake. Mwaka 1914 na 1915 wapima ardhi vijana walizunguka Morelos kijiji kwa kijiji wakirudisha mipaka ya zamani. Ninachokutana nacho kwenye mitihani ni kazi ya Zapata iliyovikwa jina la Villa, na inaniudhi kwa sababu inawanyang'anya wanakijiji wa Morelos sifa yao, na wakati huohuo inamfanya Villa aonekane mtu asiyepiga hesabu, ilhali alipiga hesabu sana.

Villa naye alikuja kutoa sheria ya ardhi, Mei 1915, mjini León. Angalieni tarehe. Mwezi uliotangulia Álvaro Obregón, jenerali wa kundi la mapinduzi la Venustiano Carranza lililokuwa limegeuka adui wa Villa, alikuwa amemvunja mgongo kwenye vita vya Celaya, wapanda farasi wa Villa wakijirusha mara kwa mara kwenye seng'enge na bunduki za rashasha. Sheria ilitaka wenye mashamba walipwe fidia, na wakulima wapate vipande kwa kuvilipia. Ikabaki karatasi, maana aliyeitoa alikuwa anarudi nyuma. Shamba kubwa ambalo mwisho wake lilibadilisha mikono kwa ajili ya Villa lilikuwa Canutillo, jimbo la Durango, ambalo serikali ilimpa yeye mwenyewe mwaka 1920 ili aweke silaha chini. Huko alijenga shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake, akaipa jina la Felipe Ángeles, jenerali wake wa mizinga.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi, na nitaendelea kuwaambia: ukisimuliwa habari yoyote ya Villa, uliza kwanza ni ya mwaka gani. Swali hilo moja linasafisha nusu ya takataka zote.

Linawafaa pia wale wa upande wa pili, wanaosema alikuwa jambazi tu na muuaji. Ujambazi ulikuwepo. Jina lake la kuzaliwa ni Doroteo Arango, alizaliwa Durango mwaka 1878 katika familia ya wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, na ujana wake ulipita kwenye wizi wa mifugo na kuikimbia serikali. Aliwahi kuingizwa jeshini kama adhabu, akatoroka. Ila aliyekuja kuteka miji 1913 na 1914 alikuwa kamanda ambaye hata magazeti ya Marekani yalimsifu. Novemba 1913 aliteka treni ya makaa ya mawe, akamlazimisha mpiga telegrafu aombe ruhusa ya treni kurudi Ciudad Juárez, mji wa mpakani uliokuwa mikononi mwa jeshi la serikali, kana kwamba inamkimbia Villa. Ruhusa ikaja. Wakarudi, kila stesheni wakituma taarifa, na usiku wa manane behewa zikafunguka katikati ya mji zimejaa askari wake. Walinzi wengi walikuwa wamelala.

Mauaji ninayoulizwa habari zake ni ya baadaye, baada ya kushindwa. Desemba 1915 huko San Pedro de la Cueva, Sonora, alipanga mstari wanaume wa kijiji akawapiga risasi, padri wao akiwamo. Desemba 1916 mjini Camargo waliuawa wanawake wapatao 90 waliofuatana na askari wa Carranza. Haya siyafichi wala siyapunguzi. Ninachokataa ni kuyarudisha nyuma hadi 1913, kama ninavyokataa kuipeleka mbele nyama ya bei nafuu ya 1913 ili iyafunike.

Kisa cha dada yake aliyebakwa na Doroteo akampiga risasi mwenye shamba? Inawezekana kuna kitu. Lakini matoleo yake yanagongana: mkosaji mara ni kabaila mwenyewe, mara mwanawe, mara anakufa, mara anajeruhiwa mguu. Msikiandike kama ushahidi.

Ile picha ya Desemba 1914, Villa akicheka kwenye kiti cha urais na Zapata pembeni na sombrero lake, haimaanishi kuwa alikuwa rais. Rais aliyewekwa na Mkutano wa Aguascalientes, kikao cha viongozi wa mapinduzi, alikuwa Eulalio Gutiérrez. Villa hakuwahi kuwa rais wa Meksiko hata siku moja.

Mkataba wa sinema na kampuni ya Mutual, Januari 1914, ulikuwepo kweli, na ulimpa asilimia 20 ya mapato. Kifungu cha kumtaka apigane mchana ili kamera zione vizuri hakimo.

Mlevi hakuwa. Pombe hakunywa, alichopenda ni vitu vitamu, aiskrimu hasa.

Marekani haikumkamata. Alishambulia Columbus, New Mexico, tarehe 9 Machi 1916, Jenerali Pershing wa Marekani akaingia Meksiko kumsaka na maelfu ya askari, malori na ndege, akatoka Februari 1917 mikono mitupu. Villa kipindi fulani alikuwa amejificha pangoni akiuguza mguu uliopigwa risasi.

Na wanaoniandikia kwamba aliuawa na Carranza, ulizeni mwaka! Carranza aliuawa Mei 1920. Villa alipigwa risasi Parral tarehe 20 Julai 1923, akiendesha gari lake la Dodge. Alikufa palepale, kwa hiyo maneno ya mwisho mnayoyanukuu hakuyasema. Jesús Salas Barraza, mbunge wa jimbo la Durango, alikiri kuhusika, akahukumiwa miaka 20, akaachiwa baada ya miezi tu. Rais wakati huo alikuwa Obregón, na Plutarco Elías Calles alikuwa anajiandaa kumrithi. Wanahistoria wanaotafuta waliotoa idhini huangalia huko.