Je, wajua kwa nini wimbi la ziwani ni fupi, na kwa nini ufupi huo ni hatari?

Mtu anayesimama ufukweni mjini Mwanza, karibu na Jiwe la Bismarck, upepo unapochacha, huona jambo la kupendeza kwelikweli: Ziwa Victoria hujaa safu za mawimbi yenye vilele vyeupe, kila safu ikiifukuza iliyotangulia, na povu hurushwa juu ya mawe mithili ya pamba. Akihesabu sekunde kati ya wimbi moja na jingine, huenda asifike tano. Hatari imo ndani ya hesabu hiyo ndogo.

Wimbi hukuzwa na kasi ya upepo, muda ambao upepo huo unavuma, na upana wa maji yaliyo wazi mbele yake. Baharini upepo waweza kuyasukuma maji kwa maelfu ya kilomita, lakini Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, halifiki kilomita 400 kutoka kaskazini hadi kusini. Kwa hiyo wimbi lake hupata kimo kabla ya kupata urefu, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine. Mawimbi ya bahari kuu yanayopishana kwa sekunde 12 huwa na mita 225 hivi kutoka kilele hadi kilele, ilhali yale yanayopishana kwa sekunde 4 huwa na mita 25 tu, nayo huanza kuvunjika kimo chake kinapokaribia sehemu ya saba ya urefu huo.

Mita 25 ni nafasi finyu mno kwa mtumbwi. Wimbi refu la bahari hukipandisha chombo taratibu, kama mtu apandaye kilima, kisha hukishusha. Wimbi fupi la ziwani huinua omo, yaani sehemu ya mbele ya mtumbwi, na kuiacha ianguke, na kabla haijainuka tena wimbi la pili limekwisha kumwaga maji ndani, huku wavuvi wakiwa bado wanayatoa ya kwanza kwa ndoo. Injini ikizimika wakati huo, mtumbwi hugeuka ubavu, na ubavu ndio udhaifu wake mkubwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni saa ambayo mawimbi hayo huja. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani na radi hupiga zaidi bara. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu, na upepo wa kutoka pande zote za pwani hukutana juu ya maji, ukiinua hewa yenye unyevu hadi iwe mawingu ya radi. Hizo ndizo saa za wavuvi wa dagaa, ambao hutoka usiku wa giza na kuwasha taa ili samaki wazifuate, hata ukitazama kutoka nchi kavu unadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani humo kila mwaka.

Tena, dhoruba ya ziwani haina mjumbe. Baharini mawimbi marefu huweza kufika yakitangulia tufani iliyo mbali; ziwani, hewa iliyopozwa na mvua huporomoka kutoka wingu la radi na kusambaa juu ya maji, kwa hiyo mvuvi huhisi upepo wa baridi usoni kabla ya tone la kwanza, na mara mawimbi huanza kuumuka.

Hata hivyo, dalili zipo kwa anayetazama kutoka juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mawingu ya radi yanayoonekana kwa setilaiti juu ya nchi kavu alasiri husaidia kutabiri usiku mbaya ziwani. Alasiri, mitumbwi ya dagaa ingali imefungwa ufukweni na taa hazijawashwa. Onyo likifika simuni kwa mvuvi saa hiyo, bado anaweza kuamua kulala nyumbani.