Mwambie Atazame Karai, Aache Kiwiko: Umakini wa Mtoto Anayejifunza Kurusha, Kuogelea na Kuandika

Baada ya alasiri, ukipita Tononoka au ufuo wa Pirates hapa Mombasa, utasikia watoto wakipigiwa kelele za maelekezo: "Kunja goti! Nyoosha kiwiko! Kaza kifundo!" Mengi ya maelekezo hayo ni sahihi. Lakini yanamfanya mtoto auchunguze mwili wake pale pale ambapo mwili unataka kuachiwa ufanye kazi.

Wataalamu wa mwendo hutofautisha umakini wa namna mbili. Wa ndani ni mtoto kufikiria kiungo chake: kiwiko, goti, kidole. Wa nje ni kufikiria kile ambacho kitendo kinaleta: mpira uendako, maji yanavyosukumwa, wino unavyoshuka kwenye mstari.

Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio yaliyowafungua wengi macho. Watu wazima walijifunza kwenye mashine inayoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kundi moja liliambiwa lisukume kwa mguu wa nje, jingine lisukume magurudumu ya nje, ambayo yako chini ya mguu huo huo. Tofauti ni maneno machache tu, na waliofikiria magurudumu ndio waliojifunza vizuri zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mtu akianza kusimamia kila kiungo, anauingilia mfumo wa ubongo unaorekebisha mwendo wenyewe, upesi, bila kufikiri. Misuli hukazana kupita haja. Kwa mtoto utaona mabega yakipanda shingoni na pumzi ikizuiwa.

Zoezi rahisi la nyumbani ni karai. Tafuta karai la bati, liegemeze ukutani, na uweke alama ya chaki katikati yake. Mpira wa tenisi unafaa, au wa makaratasi uliofungwa kamba vizuri. Mtoto wa miaka 5 asimame hatua 2 za mtu mzima kutoka kwenye karai, wa miaka 8 hatua 3 au 4. Mwonyeshe wewe mara mbili, kimya. Kisha mwambie neno moja tu: "Piga ile chaki." Arushe mara 10, apumzike, arudie hadi raundi 3. Karai litamfundisha lenyewe, maana mpira ukigonga katikati hulia kwa sauti nzito, ukigusa ukingo mlio ni mwembamba. Mtoto atausikia utofauti huo kabla hujafungua mdomo. Akipata chini ya 3 kati ya 10, msogeze karibu. Akipita 8, mrudishe nyuma hatua moja.

Wengi huharibu kwa kurekebisha baada ya kila mpira. Nyamaza hadi raundi iishe. Kosa jingine ni kuongeza maelekezo: mtoto wa miaka 6 si rahisi kwake kushika matatu kwa pamoja huku akirusha, na hata mawili ni mengi. Na usimpime kwa anavyorusha leo. Mrudishe baada ya siku mbili, usimwambie lolote, uhesabu. Hicho ndicho alichojifunza kweli.

Majini ni hivyo hivyo. Badala ya "vuta mikono nyuma", sema "yasukume maji nyuma". Waogeleaji wa kiwango cha kati walipopimwa kwa mita 16, katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, walienda kasi zaidi wakifikiria maji kuliko wakifikiria mikono. Mtoto asiyejua kuelea bado ashikwe kwanza, kwenye maji yasiyozidi kiuno chake. Hakuna maneno yanayochukua nafasi ya mkono wa mtu mzima.

Kwenye daftari, mtoto wa Mombasa mara nyingi ana kazi maradufu: shuleni anaandika kutoka kushoto, chuoni, yaani madrasa, anaandika Kiarabu kutoka kulia. "Kaza vidole" humfanya abane kalamu mpaka kucha ziwe nyeupe. Weka nukta mahali herufi inapoanzia, mwambie: "Toka hapa, ushuke mpaka mstari." Kwa alifu, herufi ya kwanza ya Kiarabu, inatosha kabisa.

Hata hivyo, kwa watoto matokeo ya tafiti hayalingani kama kwa watu wazima, na ni haki wazazi walijue hilo. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2008 wa kurusha vishale, watoto wa miaka 8 hadi 9 walioelekezwa kwenye mwili ndio waliofanya vizuri zaidi walipopewa jaribio jipya. Mtoto ambaye hajui kabisa mkono unapita wapi huenda akahitaji kuuhisi kwanza. Basi mshike mkono, upitishe mara moja au mbili polepole, kisha umrudishe kwenye chaki. Mfano wa kawaida pia husaidia: "Rusha kama unamwaga maji kwa kata" unabeba kiwiko, kiganja na bega bila kuvitaja.

Mtoto aliyetimiza miaka 5 ambaye bado huanguka sana kuliko wenzake, hawezi kudaka mpira mkubwa kwa mikono miwili, au kila kifungo cha shati ni vita, asiongezewe mazoezi ya karai pekee. Mpeleke kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa fiziotherapia, na ubebe orodha ya shughuli zinazomshinda na tangu lini.